Je, fadhila za kale zina nafasi katika maisha ya leo?

Mchangiaji aliyetangulia amedai kwamba busara, haki, ujasiri na kiasi (yaani kujizuia), zile fadhila nne kuu za Wagiriki wa kale, zilikuwa mapambo ya mabwana wenye watumwa, na kwamba utu wa mtu wa leo unalindwa na sheria, si tabia njema. Sehemu ya dai hilo siipingi: Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, aliandika waziwazi kwamba wako watu ambao kwa maumbile yao ni watumwa, na doa hilo halifutiki. Lakini mwanafalsafa Epictetus alizaliwa mtumwa, na mafundisho yake ya kuitawala nafsi ndiyo aliyoyasoma na kuyashika Marcus Aurelius, aliyetawala Dola ya Roma tangu mwaka 161 hadi 180. Ikiwa kaisari alikubali kufundwa na mtu aliyewahi kuwa mtumwa, fadhila hizo zinaitwaje mali ya mabwana?

Kuhusu sheria, naliheshimu sana Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ambalo kifungu chake cha kwanza kinasema watu wote huzaliwa huru, wakiwa sawa katika hadhi na haki. Hata hivyo, kuna siku mwenzangu kazini alikosea hesabu, nami nikaandika katika kundi letu la simu jibu kali lililoorodhesha makosa yake yote matatu. Kila neno lilikuwa la kweli, na hakuna sheria ambayo ningeivunja. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kutuma. Nikafuta, nikampigia simu faraghani. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama wengine walikuwa wameshaona.

Sikuzaliwa na kiasi hicho, wala sina hakika kwamba kesho nitakuwa nacho. Hapa Aristotle, pamoja na doa lake, alisema kweli: mtu huwa mwadilifu kwa kurudiarudia matendo ya uadilifu. Najua pia kwamba wanyonge huhubiriwa kiasi ili wasidai chao, na kiasi cha namna hiyo, kilichotengwa na haki na ujasiri, mimi sikitetei.

Namwomba basi mchangiaji mwenzangu anijibu: ni sheria ipi ingemwepusha yule mfanyakazi na aibu ile?