Mgeni ana masaa tisa Dar kabla ya ndege ya pili: atoke au abaki eapoti?

Fundi Saa wa Ilala
Wakuu, habari za mchana. Nina jambo, naomba tulijadili kwa hoja, matusi tuyaweke pembeni. Ofisini kwetu kuna mgeni, Mjerumani, anatokea Lusaka. Anashuka Terminal 3 saa mbili asubuhi, na ndege ya kumpeleka kwao inaondoka saa kumi na moja jioni. Dar hajawahi kufika. Bosi kaniachia mimi niamue. Naona ni dhambi mtu kukaa kutwa ndani ya jengo wakati mji uko hapo nje. Atoke, aende Feri akaone samaki wanavyonadiwa, ale kitu, arudi. Mwenzangu wa meza ya pili anasema nikimtoa tu foleni itatukamata, ndege itamwacha, na barua ya kujieleza nitaandika mimi. Tumebishana tangu chai ya saa nne. Nyie mnaonaje?

Bwana Hesabu
Abaki. Katua saa mbili. Kuna mstari wa viza, kuna alama za vidole, kuna uhamiaji. Siku ikiwa njema saa tatu na robo ndiyo yuko nje anafuta jasho. Ndege ya nje wanataka uwepo masaa matatu kabla, kwa hiyo saa nane mchana awe amesharudi. Hapo katikati toa kwenda, toa kurudi, na Barabara ya Nyerere asubuhi hakuna asiyeijua. Viza ya kawaida dola 50. Unamlipisha mtu dola 50 aje aangalie mgongo wa daladala? Dar yenyewe hakuna cha kuona zaidi ya foleni na joto.

Binti Gerezani
"Hakuna cha kuona" unasema wewe uliyeingia mjini juu ya magunia ya viazi ukashushwa Mabibo? Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert umewahi kuingia? Zinjanthropus aliyeokotwa na mama Leakey kule Olduvai 1959 yuko pale, na Rolls-Royce ya Mwalimu iko pale. Ukitoka hapo kwa miguu tu unafika Sanamu ya Askari, unateremka Azania Front, unaona bahari na pantoni za Kigamboni. Mtu kashaona mji huyo. Kama Dar unayoijua wewe ni baa na kitanda chako, usitusemee.

Bwana Hesabu
Nimezaliwa Muhimbili, nimekulia Magomeni Mapipa. Viazi sijui umevitoa wapi. Ila nimeona hujagusa hesabu yangu hata kidogo.

Binti Gerezani
Na wewe hujajibu kama umewahi kuingia makumbusho.

Kondakta Mstaafu
Nimefanya kazi njia hiyo tangu inaitwa Pugu Road, nisikilizeni. Viza mnayogombania, kuna ya kupita tu, dola 30, mkumbushe aiulizie. Kwenda mjini siku hizi siyo balaa kama zamani, maana lile fundo la TAZARA lilikatika walipofungua flaiova ya Mfugale 2017.

Binti Gerezani
2018.

Kondakta Mstaafu
Sawa, 2018, magari yanapita hata hivyo. Sasa kinachoua ni kurudi. Ukiwa Posta saa saba mchana unajiona una muda wa kutosha, unaagiza na juisi. Halafu Kamata pamefunga, Buguruni msafara unapita mmesimamishwa wote, na dereva anaanza kukwambia habari za watoto wake wanavyosoma. Mtoa mada, siku yenyewe ni ipi? Kama ni Ijumaa, mimi nakataa.

Mchele wa Lindi
Mjerumani aende makumbusho yetu kutafuta nini tena? Mjusi mkubwa wa Tendaguru, yule dinosaria, si wanaye wao kule Berlin, walimbeba vipande vipande kabla ya vita ya kwanza. Mwambie akirudi atusalimie mjusi wetu.

Fundi Saa wa Ilala
Siku ni Jumatano. Mjusi tumwache jamani, huyu bwana ni mhasibu.

Mama Wawili Kiwalani
Mie mnanishangaza. Mzungu wa watu mnamhangaikia hivi, mara Feri, mara Askari. Mdogo wangu wa tumbo moja mwaka jana alishuka hapo hapo Terminal 3 akitokea Muscat, akasubiri ndege ya Mwanza kutwa nzima, hakuja hata kutusalimia. Na mimi nakaa Kiwalani! Ndege zinapita juu ya bati langu mpaka sufuria zinagonga. Nilijua alipita baada ya kuiona picha yake na kikombe cha kahawa. Hao ndio mnaowaita watu wa kuunganisha ndege. Roho mbaya tu, hamna lolote.

Bwana Hesabu
Pole dada, ila hiyo siyo mada.

Mama Wawili Kiwalani
Wewe kaa na dola zako.

Msafiri wa Nyanda za Juu
Dada wa Kiwalani umenigusa, na nitakujibu mimi kwa niaba ya mdogo wako. Napita Dar mara kwa mara kwenda Mbeya na siku hizi simwambii mtu. Kwa ndugu hakuna kitu kinaitwa "nimepita tu". Ukifika kwa shangazi Mbagala saa nne, unaambiwa kaa, pumzika. Ukiuliza saa unaambiwa mbona una haraka kama umekuja kudai. Saa sita unasikia watoto wanamkimbiza kuku uani. Saa saba ndizi ndiyo zinamenywa. Ukisema una ndege, baba mdogo anakwambia ndege haiwezi kuondoka wakati umeshakata tiketi, watakutangaza. Nilishaachwa kwa mtindo huo, nikalala kwenye mkeka, na asubuhi yule kuku akawa ndiyo kwanza anaungwa mchuzi.

Mtoto wa Bibi Tandika
Eti "watakutangaza" 😂 Babu yangu anaamini hivyo mpaka leo.

Mama Wawili Kiwalani
Nani kakuomba uje ule kuku wangu? Nimesema salamu. Piga simu: "Dada nipo hapa nasubiri ndege." Nachukua bajaji mimi mwenyewe, nakuja kusimama pale nje, nakuona sura, nakupa maandazi ya njiani, narudi zangu. Kinakupungua nini? Mnasingizia kuku wakati mnaona aibu kuja mikono mitupu.

Msafiri wa Nyanda za Juu
Hapo ndipo mnapotuchosha. Mikono mitupu! Kwa hiyo salamu inataka begi. Nikija na mkono mtupu nimeringa, nikija na sabuni mbili wanaulizana mbona za fulani zilikuwa tatu. Binamu yangu mmoja ananipima kiatu kwa macho kabla sijakaa. Wacha nikae zangu kwenye kiti cha chuma, kiti hakinidai.

Mama Wawili Kiwalani
Kiti hakitakuzika.

Mchele wa Lindi
Uuuwi. Naweka mkeka hapa hapa.

Mzee wa Changombe
Wanangu, punguzeni maneno. Sisi zamani tulikuwa tunakwenda uwanja wa ndege hata kama hatuna mgeni, siku ya sikukuu, kupunga mikono tu, tunarudi tumefurahi. Mtu akipita, ukoo mzima ulikuwa unajua. Leo mtu anapita kama kivuli. Lakini na nyie wenye nyumba mna makosa: mgeni wa masaa mawili mnampikia chakula cha siku mbili. Mpe chai, mpe kitafunwa, mwachie aende.

Kondakta Mstaafu
Mzee shikamoo. Ila kuna kitu sijakielewa kwenye maelezo ya dada. Umesema katoka Muscat anakwenda Mwanza?

Mama Wawili Kiwalani
Ndiyo.

Kondakta Mstaafu
Basi huyo hakukaa ndani. Ndege za nje ni Terminal 3, za Mwanza na mikoani zinaondokea Terminal 2, na hayo ni majengo mawili tofauti. Lazima agonge muhuri wa kuingia nchini, achukue begi lake, atoke nje kabisa, ndiyo ahamie kule. Huyu Mjerumani ndiye anaweza kubaki ndani asiguse hata uhamiaji, kwa sababu anatoka nje kwenda nje. Mdogo wako alisimama kwenye jua la Kipawa na begi lake.

Mama Wawili Kiwalani
Subiri. Kwa hiyo alitoka nje?

Kondakta Mstaafu
Alitoka, dada.

Mama Wawili Kiwalani
Nampigia sasa hivi.

Mtoto wa Bibi Tandika
Kondakta umevunja ukoo wa watu.

Msafiri wa Nyanda za Juu
Kondakta, hii ilikuwa ya lazima? Kuna mambo mtu anajua ananyamaza.

Kondakta Mstaafu
Nimeeleza majengo tu.

Fundi Saa wa Ilala
Samahani jamani, mada yangu bado ipo? Mgeni, Mjerumani, Jumatano. Bosi anataka jibu kesho.

Mzaramo wa Kisarawe
Ipo, ila wote mmeelekea upande mmoja, ndiyo maana hamfiki. Kwani nani kasema kuona Dar ni lazima uende Posta? Asubuhi magari yote yanaingia mjini. Wewe toka, kata upande wa pili. Gongo la Mboto, Pugu, umefika Kisarawe, njia nyeupe. Pale kuna msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, kuna hewa, kuna vilima, anatembea, anapiga picha, anakula embe kwa msimu. Na Pugu ndiko Mwalimu alikuwa anafundisha shule ya Mtakatifu Francis mpaka alipoacha kazi kwa ajili ya TANU, 1954. Mgeni anaondoka na historia kuliko huyo wa kuzungushwa sanamu.

Binti Gerezani
1955. TANU ndiyo 1954, Julai, kazi aliacha mwaka uliofuata. Na unamaanisha umtoe mtu Ujerumani ukamwoneshe mnada wa ng'ombe wa Pugu, umwambie hii ndiyo Dar es Salaam?

Mzaramo wa Kisarawe
Sikutaja ng'ombe. Ila hata ukimpitisha mnadani ataona kitu ambacho hakipo kwao, na wewe huko Gerezani utamwonesha nini, vipuri vya magari?

Bwana Hesabu
Kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu kuna mtu kasema kitu chenye akili. Upande wa Pugu hesabu inakubali.

Binti Gerezani
Eti upande wa Pugu unakubali. Jana hukutaka mtu atoke mlangoni! Kumbe tatizo lako siyo muda, ni mji. Sema tu hupendi mji.

Bwana Hesabu
Leo mchana, siyo jana. Na ndiyo, joto silipendi.

Mama Wawili Kiwalani
Nimerudi. Kapokea. Anasema simu ilikuwa imezima chaji siku ile.

Mtoto wa Bibi Tandika
Haya, imekwisha salama.

Mama Wawili Kiwalani
Imekwisha wapi? Picha ya kahawa aliituma na nini?

Msafiri wa Nyanda za Juu
Dada mwachie, labda alitumia ya mtu.

Mama Wawili Kiwalani
Wewe nyamaza, wewe ndiye unawafundisha. Shangazi yako wa Mbagala anajua unapita kimyakimya? Anaitwa nani nimtafute?

Msafiri wa Nyanda za Juu
Mimi huyu nimetoka kwenye uzi.

Mzee wa Changombe
Mwanangu Fundi, nikushauri kimoja. Umuulize mgeni mwenyewe. Sijaona popote mmesema Mjerumani anataka nini. Huenda kasafiri usiku kucha anataka kulala.

Fundi Saa wa Ilala
Mzee shikamoo. Nimemwandikia mchana huu. Kajibu kwamba angependa kuona "kitu cha kawaida, watu wanavyoishi", na kwamba begi lake kubwa limeshaandikiwa mpaka mwisho wa safari, atakuwa na la mgongoni tu.

Binti Gerezani
Kariakoo hiyo! Watu wanavyoishi ni Kariakoo.

Kondakta Mstaafu
Kariakoo na begi la mgongoni, mhasibu, Mzungu, peke yake? Avae kwa mbele kama mtoto. Na ukimwingiza mule, kumtoa saa saba ni kazi nyingine. Mimi naungana na Mzaramo, Pugu. Kama ni kula, apite Gongo la Mboto ale ugali na samaki kibandani, hiyo ndiyo kawaida. Saa saba na nusu mnageuza, mnarudi wakati magari mengi bado hayajaanza kutoka mjini. Asisahau pasipoti na kadi ya homa ya manjano kama anayo, na tiketi ya ndege ya pili awe ameichapisha, maana simu za watu humu zinazima chaji hovyo.

Mama Wawili Kiwalani
Nimekuona, Kondakta.

Dereva Noah Kipawa
Mtoa mada, nimesoma tangu mwanzo, nilikuwa nasubiri mpate msimamo. Nipo Kipawa, dakika kumi mpaka mlangoni. Noah safi, kiyoyozi kinapuliza. Pugu, Kisarawe, kula, kurudi. Laki na nusu.

Fundi Saa wa Ilala
Laki na nusu? Kisarawe hiyo hapo!

Dereva Noah Kipawa
Mkuu, mgeni ni Mzungu.

Fundi Saa wa Ilala
Mzungu atakaa nyuma. Anayelipa ni mimi, mtoto wa Ilala. Themanini.

Dereva Noah Kipawa
Mia na mafuta yako.

Fundi Saa wa Ilala
Tisini, mafuta yako, na kiyoyozi nikikute kinapuliza kweli.