Mrejesho: sikio la mwanangu na amoksilini iliyogoma

Wapendwa, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini mwanangu wa miaka 2 kamaliza dozi ya amoksilini baada ya mafua, kisha homa ikarudi na sikio likaanza kutoa usaha. Wengi mlisema nirudie dozi ileile. Sikurudia.

Daktari alichukua usaha kwa pamba, ukaoteshwa maabara. Wakaota Haemophilus influenzae (jina lisiwachanganye, hawa ni bakteria, si virusi vya mafua). Nilionyeshwa sahani yenyewe, ina rangi ya chokoleti. Juu yake huwekwa vikaratasi vyenye dawa: kwenye kikaratasi chenye dawa ya kwanza (amoksilini peke yake) bakteria wameota mpaka ukingoni, hawana habari. Penye amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, duara tupu kabisa, hawakuota.

Kumbe wanatoa kimeng'enya, beta-laktamasi, kinachoivunja dawa. Klavulaniki hukifunga hicho kimeng'enya. Nikauliza, basi si watoto wote wapewe hiyo? Hapana: nimokoko sugu (bakteria wengine wanaoleta ugonjwa wa sikio) hawatumii kimeng'enya, wamebadilisha mahali dawa inaponasa, kwa hiyo mchanganyiko hauongezi kitu. Kwao mara nyingi hupandishwa kiwango cha amoksilini.

Siku ya 3 homa ilikata. Kuharisha kidogo kulikuwepo, nilishaonywa.

Na nikiri: mabaki ya sharubati ya zamani ya amoksilini nilikuwa namnywesha kijiko akikohoa tu. Daktari alininyamazia kwanza, ndipo akanisema. Chupa nimeirudisha duka la dawa. Bado mtoto kupimwa kama anasikia vizuri.