Mrejesho: seli shina za kike zilizopoteza XIST

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini seli shina zetu za binadamu, za kike (seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine), hazionyeshi tena RNA ya XIST, yaani nakala ya jeni ya XIST, ile inayoifunika kromosomu X moja kati ya mbili na kuizima. Mlioshauri nirudi kwenye vichupa vya awali vilivyogandishwa, asanteni: humo XIST ipo, doa moja zito karibu katika kila kiini. Katika seli zilizokuzwa muda mrefu, hakuna kitu. Baadhi ya jeni za X iliyozimwa zimeamka, si zote, kwa hiyo ukipima jeni moja tu unaweza kudhani mambo ni shwari.

Kuna aliyesema tukizigeuza kuwa neva XIST itarudi. Haikurudi. Hiyo ni tabia ya seli shina za panya, zinazoanza na X zote mbili zikiwa hai kisha huzima moja zinapobadilika.

Madhara yake si ya nadharia tu. Mwaka 2012 watafiti waliona hivyo kwenye seli za kuchunguzia Lesch-Nyhan, ugonjwa wa kurithi unaotokana na hitilafu katika jeni ya HPRT iliyo kwenye X: nakala isiyo na hitilafu ya jeni hiyo, iliyokuwa imezimwa, iliamka, ikaficha hitilafu waliyotaka kuichunguza.

Sasa tunapima XIST kabla ya kugandisha kundi lolote.