Kidonda cha BCG kinatoa usaha, na Jumanne ni chanjo ya wiki 6

Mama Kichanga: Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za jioni. Mwanangu wa kwanza Jumanne anatimiza wiki 6. Ile sindano ya bega la kulia aliyochomwa kabla hatujaruhusiwa wodini nilishaisahau. Wiki iliyopita pakaota kipele, leo namwogesha kimepasuka, kinatoa usaha. Hana homa, ananyonya vizuri. Mama mkwe keshashika kidonge cha rangi mbili, anataka akifungue anyunyizie ule unga. Nimkubalie? Na hiyo Jumanne atachomwa ngapi? Naogopa kuliko mtoto mwenyewe.

Nesi Mstaafu: Marahaba mwanangu. Mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kidonge akirudishe kabatini. Hiyo ni BCG, ya kifua kikuu, na mwendo wake ndio huo: kipele, usaha kidogo, gamba, kovu. Huchukua wiki kadhaa. Usikamue, usipake kitu, usifunge. Ukiona tezi limevimba kwapani au kidonda kinazidi kupanuka, mpeleke.

Jumanne ni sindano mbili, kila paja na yake. Penta inakinga magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib, yaani bakteria wa homa ya uti wa mgongo na nimonia. Nyingine ni ya nimonia. Halafu matone mdomoni, ya polio na ya kuhara. Mtarudi wiki ya 10 na ya 14. Kadi usiisahau!

Mama Watatu Moro: Shoga, usiku wa Jumanne usipange kulala. Wangu wa kwanza alichemka saa tatu usiku, paja gumu kama limao. Nikamkanda na maji ya moto, nikamzidishia kilio bure. Kwa wa pili nilimuuliza nesi dozi ya parasetamoli ya maji kwa kilo zake kabla sijatoka kliniki, nikamvalisha kinguo chepesi, ziwa kila alipotaka. Asubuhi kapoa. Ila akigoma kunyonya, akishtuka degedege, au homa ikivuka siku mbili, usijiambie ni chanjo tu. Kimbia naye. Na usimvalishe ovaroli. Mimi nilihangaika na vifungo kumi na viwili foleni nzima ikinitazama.

Baba Pacha: Sisi tulikuwa kijijini, wiki ya 10 ikatupita. Nilijua tutaanza upya, nesi akasema hapana, tunaendelea tulipoishia. Miezi 9, ya surua na rubella, ndiyo ilinichosha: tuliambiwa turudi siku watoto watakapokuwa wengi wa kutosha, maana kichupa kikishachanganywa, kinachobaki baada ya saa 6 kinamwagwa. Uliza kliniki yenu wanachanja siku zipi.

Mama Kichanga: Asanteni sana. Nimemsomea mama mkwe yote. Kasema wanawe hawakuwahi kutoa usaha hata mmoja. Nikamvua mume wangu shati: kovu hilo hapo, bega la kulia. Mama kalitazama weee, kidonge kakirudisha mwenyewe.