Migongo na vidole vinatuishia kwenye magogo, tunakosea wapi?

Muuliza swali:
Wakuu, habari za kazi. Tuko wanne, tunavuna misonobari kwenye shamba dogo, trekta hatuna. Matawi tunayakata tumeinama, gogo likiwa chini, kisha tunabeba begani wawili wawili hadi barabarani. Mwenzetu mkubwa kwa umri sasa hawezi kuinama afunge viatu asubuhi. Mimi vidole viwili vya mkono wa kushoto vinakufa ganzi na kuwa vyeupe, hasa kukiwa na baridi. Sitaki tufike mahali pa kuachana na kazi. Tubadilishe nini kwanza?

Fundi wa misumeno:
Mkuu, anza na vidole. Ganzi na weupe wa namna hiyo ni dalili inayojulikana ya mtetemo wa msumeno wa mnyororo. Muone daktari mapema, maana ikikomaa huwa haiponi. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2002 iliweka kikomo cha mtetemo unaofika mkononi kuwa mita 5 kwa sekunde mraba kwa siku ya saa 8, na kuanzia 2.5 mwajiri anatakiwa achukue hatua.

Sasa tazama kinachotoka kwenye msumeno wako. Ukitoa unga badala ya vipande, mnyororo ni butu, nawe unausukuma kwa mikono. Noa kwa tupa kila unapojaza mafuta. Kagua pia mipira inayotenganisha mpini na injini. Pokezaneni, mtu mmoja asishike msumeno siku nzima.

Mvunaji wa zamani:
Kuhusu mgongo: lazeni gogo nene chini, miti mingine iangukie juu yake kwa kukingama. Shina linabaki karibu na kiuno, unakata matawi umesimama. Lakini linaweza kuruka, kwa hiyo wengine wote wakae mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti.

Kubeba begani acheni kabisa, ndugu zangu. Kikomo kinachotumika sana kwa mtu mmoja ni kilo 23, tena mzigo ukiwa karibu na mwili na mahali pa kukanyaga pazuri. Msonobari mbichi nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji! Kateni vipande vifupi kama mnunuzi anakubali, shikeni kwa koleo la magogo, geuzeni kwa wenzo wenye ndoano.

Muuliza swali:
Asanteni sana. Nimefungua msumeno jioni hii: mpira mmoja umechanika, chuma kinagonga chuma. Nimeuweka kando mpaka nipate mwingine. Kesho naenda kwa daktari, na mzee naenda naye.