Tupeane uzoefu: umewahi kukosa kazi kwa sababu ya jinsia yako?

Wakuu, heshima kwenu. Juzi mdogo wangu kaenda usaili wa uhasibu hapa Dar. Maswali ya uhasibu mawili tu, kisha: "Umeolewa? Mtoto lini?" Kijana aliyeingia kabla yake hakuulizwa hata kama ana mchumba. Yaliyowakuta mwageni hapa, hata nyie mnaoajiri. Majina ya kampuni tuyaache.

#2
Nimekaa HR miaka sita. Bosi wangu hakuwachukia wanawake, alikuwa anapiga hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za uzazi, 100 akijifungua mapacha. Baba siku 3. Basi akiona binti wa miaka 27 anaona miezi mitatu ya kutafuta mtu wa kumshikia nafasi. Aliniambia kwa mdomo, "CV za wadada weka chini." Kwa maandishi asingethubutu, sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi na inamlinda hadi mwombaji. Nikaziweka chini, chini kabisa, na trei ya chai juu yake. Sijisifii.

#3
Mimi fundi umeme, cheti cha VETA ninacho. Nimefika saiti, msimamizi kaniangalia viatu kwanza. "Dada, ngazi utapanda?" Nikapanda, nikafunga soketi tatu. Akasema kazi unaijua, tatizo choo ni kimoja. Choo jamani! Siku hizi naomba kazi kwa jina la ukoo tu, wakishtuka nimeshafika na boksi la vifaa.

#4
Na wanaume tupo. Niliomba kazi ya mapokezi hotelini Arusha, nikajibiwa wanataka "dada mwenye mvuto".

#5
Huku Nairobi mama anapata miezi mitatu na baba wiki mbili, wote kwa mshahara kamili. Bado niliulizwa kama "nimemaliza kuzaa". Nina miaka 24!

#6 (mleta uzi)
@2, dogo aende CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi?

#7
Anaweza, ila asichelewe, ni ndani ya siku 60. Shida ni ushahidi, maswali yalikuwa ya mdomo. Yule kijana aliyetangulia anaweza kusema yeye hakuulizwa. Namba yake anayo?

#8 (mleta uzi)
Anayo. Ila ndiye aliyepata kazi.