Kishingo kwa kishingo, vifaranga wametoka na manyoya shingoni. Nimepigwa?

Alizeti_Nzuguni
Wakuu habari za asubuhi, naomba msaada wenu wataalamu wa kuku. Niko Nzuguni hapa Dodoma, nafuga kienyeji kidogo kidogo nyumbani. Nilinunua jogoo kishingo (wale wa shingo isiyo na manyoya) na mitetea miwili kishingo kwa jamaa aliyewatoa Singida, akaniapia kabisa hawa mbegu safi, we zalisha tu utapata vishingo watupu, na mimi ndo nilikuwa nawataka maana kwa jua la huku kuku mwenye manyoya mengi anashinda mdomo wazi anahema. Sasa mtetea mmoja katotoa mayai yake mwenyewe, vifaranga 11, wameshakuwa wakubwa sasa, wanne shingo zina manyoya kama kuku wa kawaida tu!

Halafu vilemba ndo vimenichanganya. Jogoo kilemba chake kimelala, kipana, kina vinundu na nyuma kimechongoka. Mtetea anacho kidogo tu chenye mistari mitatu. Watoto sasa: kuna waliofanana na baba, kuna waliofanana na mama, kuna wenye kilemba kilichojikunja kama ubongo ambacho hapa nyumbani sijawahi kukiona, na kuna wenye kilemba kilichosimama wima chenye meno, baba hana mama hana. Wife anasema hiyo ni kazi ya jogoo wa jirani, anaruka ukuta kila siku na kilemba chake ni hicho hicho cha meno. Mimi nahisi nimepigwa na muuzaji. Nianze kugombana na nani?

Mgeni wa Bahi
Jogoo anaruka ukuta kila siku halafu bado unauliza mkuu 😂😂

Mzee wa Mashudu
Mleta mada tulia usigombane na mtu kwanza. Niambie, hao wazazi wako pale mbele, chini ya shingo karibu na kifua, wana kifungu cha manyoya au ni ngozi tupu?

Alizeti_Nzuguni
Wanacho wote watatu, cha jogoo ndo kikubwa. Nilijua ni urembo tu.

Mzee wa Mashudu
Basi jibu lako ni hicho kifungu. Kila kuku ana nakala mbili za jeni (chembe ya urithi) ya shingo, moja ya baba moja ya mama, na yeye akizaa anatoa moja tu, itoke ipi ni bahati. Nakala ya kishingo ina nguvu lakini haiizimi kabisa ya kawaida, ndo maana mwenye moja ya kishingo na moja ya kawaida anabakiwa na kifungu, na mwenye mbili za kishingo shingo inakuwa tupu au inabaki na vinyoya vichache sana. Wako wote wana moja moja. Ukiwapandisha wenyewe kwa wenyewe tegemea robo shingo tupu, nusu wenye kifungu, robo manyoya ya kawaida. Wanne kati ya 11 imezidi robo kidogo ila kwa vifaranga wachache hivyo ni kawaida, hesabu inakaa vizuri wakiwa mamia. Muuzaji wako yawezekana hakukudanganya hata, kwa wafugaji wengi kuku akiwa na shingo wazi ni kishingo imeisha, nani anakagua kifungu.

Vilemba hapo ndo patamu, maana ni jeni mbili tofauti zinagusa kitu kimoja. Moja inaleta kile kipana cha jogoo, nyingine inaleta kile kidogo cha mtetea. Kifaranga akipata zote mbili hatoki na nusu hiki nusu kile, anatoka na kitu cha tatu kabisa, ndo hicho chako cha ubongo. Akikosa zote mbili anabaki na kile cha wima cha meno, ambacho ndo cha asili. Kwa hiyo jogoo wako ana nakala moja ya kilemba chake, mtetea naye moja ya kwake, na aina zote nne zinatoka kwa wazazi hao hao, kila moja kama robo hivi. Hii wala siyo mpya, mwanasayansi Bateson kule Uingereza mwaka 1902 alishaonyesha kwa kuku kwamba kanuni za urithi alizozigundua Mendel kwa njegere siyo za njegere peke yake, na yeye na mwenzake Punnett ndo walioichambua habari ya vilemba.

Mama Vifaranga Kongwa
Maelezo mazuri baba ila jogoo wa jirani hujamtoa bado. Kuku anatunza mbegu za jogoo tumboni, akipandwa leo anaweza kutaga mayai yenye vifaranga wiki mbili na zaidi, kwa hiyo mayai ya mtago mmoja yanaweza kuwa na baba wawili. Cha kufanya ni hivi mdogo wangu, jogoo wa jirani si ana shingo ya kawaida na kilemba cha meno? Basi yeyote mwenye shingo tupu kabisa baba yake ni kishingo, huyo ni wa kwako. Na yeyote mwenye kilemba kipana au cha ubongo ni wa kwako pia, maana mama yao hana hiyo jeni na jirani naye hana, ataitoa wapi? Sasa wachukue wale wanne wenye manyoya shingoni uangalie vichwa vyao.

Alizeti_Nzuguni
Nimetoka bandani sasa hivi. Kati ya wale wanne mmoja ana kipana na mwingine ana ubongo. Wawili waliobaki mmoja wa meno mmoja kama mama.

Mama Vifaranga Kongwa
Haya, jogoo wako mwenyewe anazaa wenye manyoya shingoni, imethibitika. Hao wawili wa mwisho wanaweza kuwa wa yeyote, kwa macho hutawatenganisha. Ukuta pandisha tu.

Mgeni wa Bahi
Kwa hiyo wife alikuwa sahihi nusu 😂 Ila serious, vipi nungunungu kwa nungunungu, wale wa manyoya yaliyopinda? Nina jogoo na mtetea.

Mzee wa Mashudu
Usiwakutanishe. Hiyo jeni ikikutana mbili manyoya yanakuwa makavu yanakatika, kuku anabaki kama amenyonyolewa. Mpe nungunungu mtetea wa manyoya ya kawaida, nusu ya watoto watapinda vizuri.

Mleta mada, wewe chagua jogoo mwenye shingo tupu kabisa. Huyo ukimpa mtetea yeyote, hata wa manyoya, watoto wote wanatoka vishingo, hakuna kubahatisha. Mwenye nakala moja manyoya ya mwili mzima yanapungua kama asilimia 20, mwenye mbili karibu 40, joto la Oktoba na Novemba anapumua. Ila Juni na Julai ule upepo wa usiku vifaranga wa shingo tupu wafunike mapema. Mitetea tafuta kwingine, usimrudishie dada zake, na hapo kuna sababu nyingine zaidi ya damu kukaribiana: jogoo mwenye nakala mbili za kilemba kipana mbegu zake zinakuwa dhaifu, mayai mengi yanakuwa viza. Hawa wa sasa hakuna mwenye mbili kwa sababu mama yao hana, ila ukizalisha ndugu kwa ndugu wataanza kutokea.

Alizeti_Nzuguni
Shukrani sana wakuu. Shingo tupu ninao wawili, jogoo mmoja mtetea mmoja. Huyo jogoo ana kilemba cha ubongo.

Mama Vifaranga Kongwa
Huyo ana moja tu ya kile kipana, hana shida. Ukija Kongwa na mayai yake nitafute, nina mitetea ya Singida yenye shingo za manyoya tubadilishane.